Mwacheni Acheze Saa Nne Asubuhi

Kila mwaka masika yakikolea, Karatu hupata wageni wawili. Wa kwanza ni kumbikumbi, wanaojazana kwenye taa za stendi usiku. Wa pili ni amri. Amri hutoka ofisi hii au ile, kwetu au wilaya nyingine, mwaka huu kwa mdomo wa huyu na mwakani kwa mdomo wa yule, lakini maneno ni yale yale: marufuku kucheza drafti, bao, karata na puli saa za kazi, atakayekutwa akamatwe, na ubao wake uchukuliwe.

Ningekuwa nabishana na ofisi peke yake nisingepoteza wino. Taabu ni kwamba amri hii inapendwa. Muuza mbogamboga anaiunga mkono, mzee wa kanisa anaiombea, na abiria wa basi anayepita tu akielekea Mbulu anatoa kichwa dirishani na kuguna. Shemeji yangu, mwalimu mstaafu, ambaye ni msomaji wangu wa kwanza na mpinzani wangu wa kudumu, huisema kama anayeimba jedwali la kuzidisha: "Nchi haijengwi na watu wanaocheza drafti saa nne asubuhi." Aliirudia tena mwezi wa nne, tukiwa mezani kwake. Nilimwambia nitamjibu kwa maandishi, maana kwa mdomo hanipi zamu. Basi shemeji, hili ndilo jibu, na chai yako ilikuwa nzuri.

Nianze kwa kujitaja ili nisije nikaonekana wakili wa kukodiwa. Nimeshika usukani wa magari ya utalii miaka kumi na moja kabla ya mgongo kunishinda. Dereva wa utalii hulipwa kwa kuendesha, lakini maisha yake ni kusubiri. Anasubiri ndege iliyochelewa KIA. Anasubiri vibali geti la Lodoare, ukungu umelala juu ya boneti na vidole vimekufa ganzi. Anasubiri chui ashuke mtini, kisha anasubiri mgeni atosheke na picha za chui. Halafu mvua za Machi zikishika anaanza kusubiri jambo kubwa kuliko yote hayo: anasubiri Juni.

Kijiwe chetu kiko nyuma ya gereji, hatua chache kutoka lami iendayo getini. Kina paa la bati, mabenchi mawili, na tairi bovu ambalo ni kiti cha anayefuata. Ubao ni kipande cha plaiwudi chenye miraba 64, nusu yake imepakwa rangi ya kijani iliyobaki baada ya kupaka gari la safari, kwa hiyo kila tukicheza tunaona rangi ya mlango wa gari ambalo halijapata mgeni. Kete ni vizibo vya chupa: kumi na mbili vya soda vimelazwa kifudifudi, kumi na mbili vya bia vinatazama juu. Kizibo kikipotea, aliyekipoteza ananunua soda. Ndiyo kodi pekee ya kijiwe.

Aprili ya mwaka mmoja walikuja mgambo wawili. Mchezo ulikuwa umefika patamu. Kijana muosha magari alikuwa amebanwa, kete nne kwa sita, na sisi watazamaji tulishamzika. Kumbe alikuwa amepanga kumlisha mwenzake kete mbili mfululizo, kisha apite katikati ale tatu na kutua kingi. Alikuwa ameshalisha ya kwanza. Mgambo akauinua ubao kama anavyoinua sinia mtu aliyeshiba, vizibo vikamwagika topeni. Hawakumkamata mtu. Walichukua ubao, wakatuambia tukatafute kazi, wakaondoka.

Hatua ishirini kutoka pale, kwenye kibaraza cha baa, mashine ya kubahatisha ilikuwa ikiimba na kuwakawaka taa, vijana watatu wameizunguka na sarafu mkononi. Mgambo waliipita bila kugeuza shingo. Walikuwa na haki ya kuipita, maana mashine ina leseni.

Hapo ndipo ugomvi wangu na shemeji unapoanzia. Nchi yetu ina Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, ina Bodi kamili ya kusimamia michezo hiyo, na inatoza kodi. Sina neno na Bodi. Bora kamari yenye msimamizi kuliko kamari ya gizani. Ila angalia tulipofika. Mchezo usiohitaji akili hata chembe, ambao mtu hupoteza nauli ya mama yake ndani ya dakika tano, ni biashara halali saa nne asubuhi. Mchezo ambao hakuna kinachopotea isipokuwa majivuno ya mtu, na usiochezeka bila kufikiri, ndio uvivu. Na kijana aliyeinamia simu tangu alfajiri akisuka mkeka wa mechi kumi na mbili za nchi asizozijua hata kwenye ramani hasumbuliwi na mtu, kwa kuwa ukimwona kwa mbali anaonekana kama anasoma ujumbe. Kosa la mcheza drafti ni kwamba anaonekana.

Sasa niingie kwenye hoja yenyewe, ya kwamba mchezo huzaa uvivu. Ingekuwa kweli, kijiwe kingejaa mwaka mzima, maana mvivu hana likizo. Lakini njoo Karatu na kalenda mkononi. Januari na Februari, nyumbu wanapozaa nyanda za Ndutu na magari yanapishana barabarani usiku na mchana, kijiweni utakuta wazee wawili na fundi baiskeli. Machi katikati benchi la kwanza limejaa. Aprili na Mei ndio msimu wetu mkuu: mbao za drafti zinakuwa tatu, bao linatolewa uvunguni, karata za arubastini zinapigwa kwenye kona, na wapo wanaorudi toka Arusha mjini kwa sababu kampuni zao zimewaambia wapumzike bila mshahara. Juni ubao mmoja unarudi uvunguni. Julai mpaka Septemba kucheza ni jioni tu, tena watu wanasinzia na kete mkononi, wameamka saa kumi na moja kuwahi kushuka bondeni. Mvua za Novemba hutupatia majuma machache ya mchezo wa mchana, halafu Krismasi inakuja na kutufukuza tena. Wanautalii wana maneno yao, hai-sizoni na lo-sizoni. Sisi wa kijiweni tunayo hayo hayo, kinyumenyume.

Kama kalenda haitoshi, kuna mwaka 2020. Tarehe 16 Machi mwaka ule ilitangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona nchini amepatikana Arusha. Aprili safari za ndege za kimataifa zikasitishwa mpaka Mei. Watalii kutoka nje, waliokuwa zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019, walishuka mpaka kama laki sita na ishirini elfu. Mji wetu huu, ambao karibu kila kuku na kila kilo ya karoti hupanda mlimani kwenda kuliwa na mgeni, ulinyamaza. Kijiwe kilijaa Machi na hakikupungua Juni, wala Julai, wala Septemba. Nilihesabu mbao saba kutoka gereji mpaka stendi. Walikuwepo madereva, wapishi wa kambi, wachukuzi, wahudumu wa loji, na bwana mmoja aliyekuwa meneja, aliyekuja siku ya kwanza amevaa shati la kazi lenye nembo na siku ya nne amevaa ndala. Wageni waliporudi, miaka miwili baadaye, mbao zile saba zikawa mbili. Nauliza: uvivu uliingia mwilini mwa watu hawa Machi 2020 kwa njia gani, na ulitokaje? Mwaka 2024 nchi ilipokea watalii zaidi ya milioni mbili. Kama drafti ndiyo iliyowafanya wasiende kazini, mbona walikwenda mara tu kazi ilipokuwepo?

Shemeji ana jibu, na ni jibu zuri kuliko yote aliyonayo, kwa hiyo nisilifiche. Anasema: masika ndiyo palizi. Magugu yanaota, mahindi yanalia, na wao wamekaa. Kwa nini wasishike jembe?

Wenye shamba wanalishika. Tazama kijiwe wiki ya palizi: vijana wa Rhotia na Endabash wanapotea, wanarudi mvua ikinyesha kutwa na udongo wetu mwekundu ukigeuka ulimbo usioingilika. Wanaobaki ni wasio na kwa kupalilia. Baba alikuwa na ekari kumi, akawagawia wana watano. Mwana naye ana wanne. Sehemu hii ya nchi ina msitu wa hifadhi upande wa juu, mashamba makubwa ya kahawa Oldeani, na ukame kuelekea Eyasi. Ardhi ya kumpa kila kijana aliyemaliza kidato cha nne haijifichi mahali ikisubiri aache drafti. Vibarua vipo, ndiyo, lakini kibarua cha kupalilia ni cha siku mbili, na siku ya tatu mtu anahitaji mahali pa kukaa ambapo habari ya kibarua kingine itamfikia.

Mahali hapo ni kijiweni. Hili ndilo wasiloliona wanaopita na basi. Nilikuwepo asubuhi moja dereva wa fuso aliposimama barabarani, akapiga honi mara mbili, akanyoosha vidole vinne. Hakusema neno. Vijana wanne wakasimama, mmoja akiwa katikati ya mchezo aliokuwa anaushinda. Akamwambia mzee aliyekalia tairi, "Baba, nishikie kete zangu," akaruka nyuma ya gari. Walikuwa wanakwenda Mang'ola kupakia vitunguu. Mzee alishika zile kete, akazicheza vibaya mno, akashindwa, na jioni kulikuwa na kesi. Mwenye gari lililokwama, mwenye bomba lililopasuka, mama anayetaka kuhamisha kabati, loji inayotafuta mtu wa haraka kuziba nafasi ya mhudumu aliyeugua, wote wanajua pa kwenda. Mtu anayesubiri kazi nyumbani kwake, mlango umefungwa, kwa adabu kabisa kama shemeji anavyopenda, hapati hata harufu yake. Siku za mnada ndiyo usiseme. Kijiwe kinageuka ofisi ya ajira isiyo na fomu.

Na hizi "saa za kazi" ni za nani? Ni saa za mwenye mshahara, meza na mapumziko ya chai. Mlinzi wa usiku wa hoteli anamaliza zamu saa kumi na mbili asubuhi. Saa nne yake ya asubuhi ndiyo saa nne yako ya usiku, wakati wewe umekaa sebuleni unatazama tamthilia bila mgambo kuchomoa waya. Mwoka mikate ameamka saa nane za usiku. Kondakta wa basi la alfajiri ameshamaliza safari ya kwanza. Wanacheza wakiwa wamechoka na kazi, na tunawaambia watafute kazi.

Hapa niruke bahari kidogo, maana yanayofanyika huko yanachekesha ukiyatazama kutoka kijiweni. Kila Oktoba, katika mji wa Essen nchini Ujerumani, hufanyika maonyesho makubwa ya michezo ya mezani yaitwayo Spiel, tangu mwaka 1983. Mwaka 2024 yalipokea watu zaidi ya laki mbili ndani ya siku nne. Yanaanza Alhamisi, shemeji. Alhamisi asubuhi. Watu wazima, wenye ndevu na mikopo ya nyumba, wanajazana kumbi nzima wakihamisha vipande vya mbao juu ya meza, na hakuna mkuu wa wilaya ya Essen anayetuma mgambo. Wanaiita tasnia, na kila mwaka wanahabari wao wanaipima kama tunavyopima mvua: mwaka huu makasha makubwa ya bei kubwa, mwaka ule michezo ya kushirikiana, mwaka unaofuata michezo ya mtu mmoja kucheza peke yake dhidi ya kasha. Mwaka 2020, korona ikiwa imetufunga wote, mchezo mmoja wa Marekani uitwao Frosthaven ulichangiwa na wanunuzi mtandaoni karibu dola milioni 13 kabla haujachapwa. Mwaka 2025 Marekani ilipopandisha ushuru wa bidhaa za China hadi asilimia 145, kilio kilisikika kwa wachapishaji wa michezo kwa sababu makasha yao mengi hutengenezwa huko. Huo ndio msimu wao wa chini. Sisi mvua, wao ushuru. Toronto, Kanada, tangu mwaka 2010 kuna mkahawa ambao mtu hulipa kiingilio ili akae mezani acheze. Analipa ili akae! Kijiwe chetu kinatoza kikombe cha kahawa na, ukitaka, kashata.

Sisemi tuige. Hatuna shida na tasnia yao, na ubao wetu hauna msimu wa matoleo mapya. Plaiwudi ile ile hucheza masika ishirini. Nataka shemeji aone jambo moja tu: tendo ni lile lile. Mtu mzima, mezani, mchana wa siku ya kazi, anamwinamia mwenzake na kete. Likifanyika Essen ni uchumi wa ubunifu, likifanyika nyuma ya gereji Karatu ni uzururaji. Hata uvumbuzi wenyewe si mgeni kwetu. Mjerumani Stefan Feld alitoa mchezo wa Trajan mwaka 2011, na Mfaransa Bruno Cathala akatoa Five Tribes mwaka 2014, yote miwili ikasifiwa kwa namna mchezaji anavyochota vipande mahali pamoja na kuvipanda kimoja kimoja njiani. Wenyewe hawafichi walikotoa, wanaiita mankala. Kuchota na kupanda, jamani. Bibi zetu wangesema hicho mbona ni bao.

Na bao, kwa asiyelijua, halifanani na kupoteza muda. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Mnaanza kila mmoja na kete kumi tu ubaoni, sita nyumbani na mbili mbili kwenye mashimo mawili jirani. 22 zinabaki mkononi, mnanamua moja baada ya moja. Anayepita anaona mtu anachota komwe na kuzimwaga. Aliyekaa anaona mtu anahesabu kete zitaishia wapi zikianzia kichwa na wapi zikianzia kimbi, nyumba ilale au isafiri, na mpinzani atabakiwa na mtaji gani. Mholanzi Alex de Voogt alikwenda Zanzibar kuwachunguza mabingwa wa bao, na mwaka 1995 akatoa tasnifu yake Chuo Kikuu cha Leiden kuhusu mahali uwezo wa akili ya binadamu unapofikia ukomo. Hakwenda kwa maprofesa. Alikwenda barazani.

Kwetu huku mlimani bao hilo limepanda na watu wa pwani na madereva, na haliko peke yake. Ndani ya Ngorongoro wazee wa Kimaasai wana enkeshui yao, safu mbili za mashimo, na wakishakaa chini ya mti kwa kelele zile na kupokonyana zamu utadhani ng'ombe wa kweli wanagawanywa. Panda Bonde la Ufa kuelekea kaskazini mpaka Hyrax Hill, karibu na Nakuru, utaona mabao yaliyochongwa kwenye mwamba. Mary Leakey alichimba pale mwishoni mwa miaka ya 1930. Huwa nafikiria aliyekaa siku nyingi akigonga jiwe juu ya jiwe mpaka shimo likapatikana, halafu la pili, halafu la tatu; huyo alikuwa na mifugo, alikuwa na jua na adui na njaa, na bado hakuona kwamba mchezo ni kitu cha kuficha uvunguni. Na alichagua ubao ambao mgambo hawezi kuubeba.

Kuna wanaoniambia, sawa, bao ni urithi, lakini drafti je? Hao huwa na ugonjwa wa kupenda kitu kikishawekwa kwenye kabati la kioo. Katika wiki moja utamwona kiongozi akilia kwenye sherehe za utamaduni kwamba bao linatoweka, na kijana akinyang'anywa drafti stendi. Maduka ya vinyago njia nzima kutoka Mto wa Mbu yamejaa mabao ya kukunja yenye safu mbili tu za mashimo, yamenakshiwa twiga, ambayo hakuna Mswahili anayeweza kuyachezea bao lake hata kwa dawa. Hayo tunayaita kuenzi. Baba Sy wa Senegal hakuibuka kwenye kabati la kioo. Aliibuka kwenye ubao wa mtaani, akawatetemesha mabingwa wa Ulaya katika drafti ya miraba mia miaka ya 1960, na shirikisho la dunia likamtambua kuwa bingwa wa mwaka 1963 baada ya yeye kufa. Mwalimu Nyerere, aliyetuimbisha Uhuru na Kazi, alipenda kucheza bao na hakujificha. Sijasikia aliyemwita mzururaji.

Neno hilo, uzururaji, lina ukoo wake. Tulilirithi kwa Mwingereza pamoja na Kanuni ya Adhabu, naye alilitoa kwao kwenye sheria ya mwaka 1824 ya kuwafagia maskini barabarani. Kifungu cha 176 kinagusa mchezo wa bahati kwa fedha hadharani. Drafti haina dadu, haina karata iliyofichwa, kila kete iko wazi machoni pa wote, na bahati haina pa kukaa. Mwaka 1983 tulikuwa na operesheni ya Nguvu Kazi, watu wakasombwa mijini kwa malori. Halafu tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji, zinazomwadhibu mtu kwa hali yake na si kwa alilotenda, zinapingana na Mkataba wa Afrika. Mahakama hiyo iko Arusha. Ni safari ya saa mbili na nusu kwa noah kutoka kwenye ubao wetu, na amri ya masika yaliyofuata ilitolewa kama vile haijawahi kusema kitu.

Shemeji atanihukumu nikinyamazia mawili, kwa hiyo nayasema. La kwanza, wapo wanaowekeana pesa. Vijiwe vingine huweka elfu mbili chini ya kizibo, na nimeona kijana akiacha pale hela ya dawa. Huo si mchezo tena na simtetei mtu. Hapo sheria ipo, itumike kwa aliyeweka pesa, si kwa plaiwudi.

La pili ndilo linaloniuma zaidi, kwa kuwa sina jibu la kujitetea. Miaka yote hii sijamwona mwanamke amekalia tairi lile akisubiri zamu. Dada anayetuuzia kahawa anaijua drafti kuliko nusu yetu. Siku moja, akikusanya vikombe, alinyoosha kidole akamwonyesha fundi kete ya kulisha, na fundi akashinda. Akaondoka na birika lake kabla mchezo haujaisha, maana ana watoto, ana maji ya kuchota na mkopo wa kikundi wa kurejesha Ijumaa. Msimu wa chini ukija, mumewe anapata muda. Yeye anapata mdomo mmoja zaidi wa kulisha mchana. Kama kuna mashtaka dhidi ya kijiwe, ni hayo, na mgambo kubeba ubao hakumpunguzii huyu dada hata ndoo moja. Nilipomsomea shemeji aya hii kwa simu, dada yangu alisikika nyuma akisema, "Muulize huyo mwalimu wako anaosha vyombo saa ngapi."

Halmashauri ikitaka kufanya jambo kwa ajili ya msimu wa chini, kuna kazi tele. Vikapu vya mbogamboga na kuku wanaopanda lojini vinaweza kutafutiwa soko la Aprili. Mikataba ya madereva inaweza kuangaliwa, ili mtu aliyeendesha miezi tisa asiambiwe Machi kwamba hana ajira na Juni kwamba aripoti kesho. Mafunzo ya lugha yanaweza kuwekwa masika, wakati wanafunzi wapo, si Agosti wakati ukumbi hauna mtu na posho ya mwezeshaji ipo. Lolote kati ya hayo lingepunguza mbao nyuma ya gereji kuliko amri ishirini. Mimi ningeongeza ombi dogo la benchi la zege stendi, lenye miraba 64 iliyochongwa juu yake, lakini najua nikisema hivyo shemeji ataanguka.

Ubao wetu haukurudi. Wa sasa ni mlango wa kabati la jikoni, tumeuacha na bawaba zake. Muosha magari aliyekatizwa siku ile anaendesha gari la safari, na huonekana kijiweni Aprili na Mei peke yake. Masika yaliyopita aliketi, akapanga vizibo vinne kwa sita jinsi vilivyokuwa siku ya mgambo, kila kimoja mahali pake, akamwita yule mpinzani wake. Kete ya kwanza ilikuwa imeshalishwa. Akalisha ya pili.